Matanga ya Chuo Kilichonikataa

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo naanza shajara hii, na naapa: nitaandika yote. Yanayonipendeza na yanayoniaibisha. Mwalimu wetu wa Kiswahili alisema shajara inayoficha mambo ni karatasi ya kufungia maandazi tu. Basi sifichi.

Chuo kimenikataa.

Jina lake sitaliandika. Huko si kuficha, ni uchungu. Nitakiita Chuo, kwa herufi kubwa, maana hata kikinikataa bado ni kikubwa. Nimekitaka tangu kidato cha pili, siku daktari mmoja mwanamke aliyesoma pale alipotutembelea shuleni, akanivisha kipimo chake masikioni, nikausikia moyo wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo kila daftari langu lina jina la Chuo ndani ya jalada.

Majibu yalitoka saa nne asubuhi. Nikafungua kwenye simu ya Mama. Hukuchaguliwa. Nikafunga, nikafungua tena. Hukuchaguliwa. Mara kumi na nne! Neno halikubadilika. Nimepungukiwa pointi moja. Moja!

Chini yake, kwa maandishi yaleyale: nimechaguliwa Mazimbu, ualimu wa sayansi. Nithibitishe kwa namba ya siri kabla ya Ijumaa tarehe 19, saa kumi jioni. Nisipothibitisha, nafasi anapewa mwingine. Mazimbu! Ukipanda juu ya jiwe lililo nyuma ya choo chetu hapa Kilakala, unaonyeshwa kwa kidole: kule, kwenye miti ile. Nimesoma miaka kumi na tatu ili nifike mahali ninapopaona nikienda chooni.

Raya, mdogo wangu, alisomea begani kwangu. Kabla sijafunga simu alikuwa ameshautangazia uwanja mzima kwamba dada amekosa udaktari. Mama aliacha kuchambua mchele. Akasema taratibu kwamba Mazimbu nako ni chuo. Nimelala nikiutazama ukuta. Chakula cha mchana nimekikataa. Isipokuwa viazi, kwa sababu vilikuwa vimeshapikwa.

Jumanne, 9 Septemba

Scholastika amepata Chuo!

Scholastika, niliyekaa naye dawati moja miaka miwili. Tena amepata na chuo kingine, Mwanza. Viwili! Udaktari huku, udaktari kule. Lakini mtu hana makalio ya viti viwili. Atathibitisha kimoja, kingine kitabaki wazi.

Nimesoma maelekezo yote, hadi yale maandishi madogo ya chini. Nafasi zitakazobaki zitajazwa dirisha la pili. Na dirisha la pili ni la wale tu ambao hawajathibitisha popote. Yaani nikithibitisha Mazimbu, nimejifungia mlango kwa mkono wangu. Nisipothibitisha, na Chuo kisinichukue, nakaa nyumbani mwaka mzima na ungo wa mchele.

Kwa hiyo hesabu ni fupi. Scholastika achague Mwanza. Mimi nisithibitishe kitu.

Nimejiwekea kanuni: sitasema uongo. Nitachagua tu ni ukweli upi wa kusema.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepanda mlima hadi kwa kina Scholastika. Nimempa hongera, zote mbili. Kisha nikaisifia Mwanza. Samaki. Miamba. Upepo wa ziwa. Nikatoa hata kiasi cha mvua kwa mwaka, kwa milimita. Alinisikiliza vizuri, akauliza kama nimewahi kufika. Sijawahi. Akasema hata yeye, ila mama yake mdogo anaishi huko, kwa hiyo bado anapima. Bado anapima! 

Kikwazo ni bibi yake, Bibi Editha. Ukoo wetu na ukoo wao ni watani tangu enzi za mababu, na Bibi Editha ndiye mtani mkuu wa Kilakala nzima. Mtani akikusema vibaya, kununa ni mwiko. Mtani akichukua kitu chako, hudai; unatuma wakubwa wako waje wakikomboe kwa vituko. Ndivyo tulivyokuta.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akauliza mbona mjane hajafunga kaniki. Nikauliza mjane gani, Bibi. Akasema amesikia nimekaa eda ya chuo: siku ya tatu hii sili, nimeugeukia ukuta. Eda ya chuo! Raya huyo. Nikatabasamu, maana ndiyo sheria. Meno yaliniuma.

Kabla sijaondoka nikajaribu ukweli mwingine. Nikamwambia Bibi, kwa sauti ya huruma, kwamba pale Chuo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapasua maiti. (Mwanza nako wanapasua. Hilo halikuulizwa.) Nilitegemea atashika mdomo. Nilisahau kwamba Bibi Editha ameosha maiti wa kigango chao miaka thelathini! Alisogeza kigoda karibu. Akataka kujua maiti wanalazwa wapi, wanafunikwa nini, na kama ndugu wa mwanafunzi wanaruhusiwa kwenda kutazama. Akamalizia kwamba maiti hang'ati. Wanaong'ata ni wazima, na zaidi ukoo wa kina Mwanvita, yaani mimi.

Scholastika alicheka mpaka akalala kwenye mkeka.

Nimeshuka mlima nikiwa nimekipendezesha Chuo kuliko walivyokipendezesha wenye Chuo.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika haraka. Herufi zitakuwa mbaya. Nisamehewe.

Scholastika alikuja kusukwa na Mama. Simu yake ilikuwa mkekani, karibu na chanuo. Niliitazama simu. Nikaitazama tena. Halafu nikaidaka, nikaruka uwanjani, nikapiga kelele kwamba nimeteka, wenye mali waje wakomboe! Majirani wakashangilia. Scholastika alikuwa na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama kama manyoya ya mbuni. Hakuweza kunifukuza. Akacheka, akasema nisubiri, ataniletea Bibi. Akaondoka bila simu. Ndiyo mila. Hakuna aliyeshangaa.

Ila mimi najua kilichomo ndani ya simu ile. Ujumbe wenye namba ya siri.

Nikaingia chumbani. Namba ya kufungulia naijua, ni namba yake ya mtihani. Nikafungua. Ujumbe ulikuwa wa kwanza kabisa. Tarakimu sita. Nikazisoma mara moja, na mara moja inanitosha. Mimi nilikariri jedwali la elementi kwa wiki moja. Hapa sitaziandika. Niliapa kuandika yote, lakini namba si habari.

Ningeweza kumthibitishia Mwanza palepale. Kidole kilikuwa juu ya kioo. Simu ikalia mlio wa huzuni, ikazima. Chaji!

Nimeificha chini ya godoro. Godoro ni la sufi nene, lakini naisikia mbavuni.

Jumapili, 14 Septemba

Sijawahi kuona siku kama hii.

Saa sita mchana, misa imetoka. Kikasikika kilio njiani. Kilio cha kweli, cha wanawake wengi, kinapanda kuja kwetu. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Baba anaendesha lori, leo yuko njia ya Tunduma. Niliona mwiko unamdondoka Mama.

Akatokea Bibi Editha, kaniki kichwani. Nyuma yake wanawake wanane wa ukoo wao, kanga zimefungwa viunoni. Bibi akajitupa vumbini mlangoni petu, akaomboleza. Ewe Chuo! Chuo mzuri mwenye maghorofa! Umetutoka bado mbichi! Umemwachia nani Mwanvita, mtoto ambaye hata ugali akiusonga unakimbia sufuria!

Mama alikaa chini palepale alipokuwa. Akacheka mpaka machozi. Nadhani ya kwanza hayakuwa ya kicheko.

Waliingia chumbani kwangu bila hodi. Wakabandua ukutani karatasi yangu yenye picha ya lango la Chuo. Wakaipima urefu kwa kamba. Wakaivika kipande cha shuka jeupe. Wawili wakagombana kichwa kielekee wapi, kwa kuwa dini ya marehemu haijulikani. Wakaizika kwenye tuta la mchicha la Mama. Mmoja akasoma wasifu: marehemu alikuwa na majengo mengi na maringo mengi zaidi, na ameacha wajane nchi nzima. Raya alikuwa anabeba jembe. Msaliti!

Kisha wakakaa mlangoni, miguu imenyooshwa, hatoki mtu wala haingii, mpaka mfiwa arudishe mali ya watu. Nikaileta simu. Bibi akaipokea, akachukua na jogoo wa Mama kuwa faini.

Scholastika alikuwa pembeni, nywele zimekamilika. Akanisogelea. Akauliza kwa sauti ndogo kama niliifungua. Nikasema simu ilizima chaji. Ni kweli, ilizima. Akaichukua simu kwa Bibi, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Ingeishia hapo! Lakini pikipiki ikasimama, akashuka Mjomba Maneno. Kaka wa Mama, mkulima wa nyanya Mlali. Kanzu nyeupe, tenga la nyanya za rambirambi, macho mekundu. Mtu alimpigia simu kwamba kwa dada yake kuna msiba, asijue ni wa nani. Akauliza, sauti imekatika, ni nani amefariki. Bibi Editha, bila kutabasamu, akamwonyesha tuta la mchicha.

Mjomba akavua kofia. Akasema: mdogo hivi?

Watu walianguka kwa kicheko. Mjomba hakucheka. Alipoelezwa, hakucheka bado. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto, na mwenye mtoto huyu hakuwa ameambiwa kitu. Si kukataliwa, si Mazimbu, si Ijumaa. Akaniuliza mbele ya watu wote kama nimeshathibitisha. Nikasema bado natafakari. Akauliza natafakari nini. Sikuwa na ukweli wa kuchagua.

Basi akatoa hukumu. Msiba ni siku tatu. Jumatano matanga yanaanuliwa, mfiwa anafuta kamasi, na Mazimbu inathibitishwa, yeye akiona kwa macho yake. Mpaka hapo haondoki Kilakala. Na nyanya zake zimeanza kuiva.

Jumatano, 17 Septemba

Matanga yameanuliwa. Bibi Editha alikuja asubuhi, akamwagilia mchicha maji, akanitangazia kwamba sasa naruhusiwa kuolewa na chuo kingine.

Mjomba alikuwa amevaa kanzu tangu alfajiri. Nikamwambia mtandao una shida. Ulikuwa na shida kweli, dakika kama tano. Akasema tutakwenda mchana. Mchana nikaumwa tumbo. Akasema kesho.

Simu yake inalia kila saa. Mlali wanamwambia nyanya zinadondoka, mnunuzi amefika na matenga yake, aje yeye mwenye shamba wapatane. Anawajibu wasubiri, ana mtoto. Anasema hivyo kila mara: nina mtoto huku. Mimi nipo chumba cha pili nasikia, tarakimu sita zinazunguka kichwani.

Nimewaza vizuri. Scholastika bado anapima, yeye mwenyewe alisema. Mtu anayepima muda mrefu anateseka. Nitakuwa namsaidia.

Nimeisoma tena sentensi hiyo. Haipendezi. Lakini naiacha, kwa sababu ya kiapo.

Alhamisi, 18 Septemba

Nilimwambia Mjomba anisubiri, nakwenda kutazama kama mtandao umetulia. Ukweli. Nikashuka hadi steshenari ya Halidi karibu na soko. Halidi ndiye anayejaza fomu za vyuo za mji mzima, anapiga kompyuta bila kutazama vidole.

Nikasema nataka kuthibitisha. Akaomba namba ya mtihani. Nikampa ya Scholastika.

Akauliza chuo gani. Nikasema Mwanza, sauti ilitoka ya mtu mwingine. Akauliza namba ya siri. Nikaitaja. Moja moja, zote sita, sikukosea hata moja. Alama ya kusubiri ikazunguka kwenye kioo. Nilitamani izunguke maisha yangu yote. Nilitamani pia imalize.

Halidi akacheka. Akasema dada, wasiwasi tu huo, ulishathibitisha tangu Jumatatu! Tena si Mwanza, ni kile chuo kikubwa. Akasimama, akawatangazia wateja: jamani, huyu hapa ni Daktari Scholastika! Wakapiga makofi. Mzee mmoja akakunja suruali, akaniomba nimtazamie goti.

Nikalitazama. Ningefanya nini?

Halidi akachapa barua ya Chuo kwa rangi, akasema ni zawadi yake kwa binti wa Morogoro. Akaiweka kwenye bahasha. Jina la Scholastika juu, kwa wino mweusi. Nimeibeba mwenyewe mjini kote. Watu walinipa hongera hadi darajani.

Ningeweza kuichana. Sikuichana. Niliipeleka.

Scholastika alifungua, akasoma, akaanza kwa utani kama kawaida: mtani, siku hizi umekuwa posta? Nikajaribu kucheka. Halafu akaacha. Niliona anahesabu. Akauliza Halidi alijuaje namba yake. Akauliza nilikuwa nathibitisha nini. Akauliza niliitaja Mwanza?

Nilisema ndiyo. Sikuchagua, ukweli ulitoka wenyewe.

Bibi Editha alikuwa kwenye kigoda chake. Nilimsubiri aseme neno, anitukane, aniite fisi, aulize ukoo wetu unafuga wezi wangapi. Hakusema. Aliendelea kumenya mihogo. Sikujua kwamba mtani akinyamaza inauma hivi.

Scholastika alikunja barua polepole. Akasema simu niliichukua kwa utani, na kwa utani ilikombolewa. Je, namba ile nayo niliichukua kwa nini? Nikasema nilikipenda Chuo kuliko yeye alivyokipenda. Akasema labda. Akasema na yeye amelia siku mbili, kwa kuwa alijua akithibitisha Chuo nilichokitaka mimi, urafiki wetu utavunjika, na ndiyo maana alikawia. Kisha akasema nirudi nyumbani nikathibitishe cha kwangu, kesho saa kumi haiko mbali. Hakunisindikiza.

Nimelia njia nzima. Si kwa ajili ya Chuo. Kidogo kwa ajili ya Chuo.

Ijumaa, 19 Septemba

Mjomba alitoka msikitini moja kwa moja hadi kwa Halidi, mimi nyuma yake. Watu wengi, foleni hadi nje. Saa tisa na nusu ndipo nikakaa. Halidi akanitazama, akatazama namba yangu ya mtihani, si ile ya jana, akatazama tena. Alikuwa na adabu, hakuuliza. Mzee wa goti hakuwepo, namshukuru Mungu.

Kila kitu kilikuwa tayari. Ilibaki kubonyeza.

Sikubonyeza. Nikawaza: labda yuko Scholastika mwingine, Bukoba au Songea, aliyepata viwili na akakiacha Chuo. Mmoja tu! Dirisha la pili lipo. Nikibonyeza halipo tena. Saa ya ukutani ikafika kumi kasoro robo. Watu wa nyuma walianza kuguna. Kumi kasoro dakika kumi. Simu ya Mjomba ikalia, Mlali tena. Aliitazama, akaizima kabisa. Akainama kwangu, akasema nyanya atapanda nyingine masika, ila mtoto wa dada yake hapandwi mara ya pili.

Nikabonyeza. Kumi kasoro dakika sita.

Umethibitisha.

Mjomba akaniuliza ndiyo hivyo tu? Akashika kioo cha kompyuta kwa kiganja, kama anakagua joto la mgonjwa. Kisha akawasha simu na kumpigia kila mtu anayemjua Mlali: mtoto wetu ni mwanafunzi wa chuo kikuu! Alikuwa analia, safari hii mimi nikiwa hai mbele yake. Nikaona aibu, na nikaona raha, kwa pamoja.

Tulipofika nyumbani, Bibi Editha alikuwa amemrudisha jogoo. Amefungwa utepe mweusi shingoni. Nikajua nimesamehewa, au nimeanza kusamehewa.

Jumapili, 21 Septemba

Utulivu. Mjomba amerudi Mlali jana, nusu ya nyanya zimeoza, nusu zimeuzwa. Scholastika alipita leo baada ya misa. Aliniambia ameibadilisha namba ya kufungulia simu yake, na kwamba sitaigundua hata nikisoma miaka kumi. Nikacheka, naye akacheka. Tumekaa juu ya jiwe nyuma ya choo tukila ubuyu, tukitazama upande wa Mazimbu. Miti yake ni mizuri. Nilikuwa sijaitazama sawasawa.

Nimejifunza. Naandika hapa ili isomeke: nimejifunza kuridhika, kuheshimu mali ya mtu, na kusema ukweli wote badala ya kuuchagua. Sitakitafuta Chuo tena.

Jioni nimesoma mwongozo wa wanafunzi wapya wa Mazimbu, wote, kwa nidhamu, maana mimi sasa ni wa pale. Ukurasa wa kumi na moja una kichwa cha habari kidogo: Uhamisho. Aya moja tu. Haijaeleza vizuri. Mtu yeyote makini angetaka ufafanuzi.

Kwa hiyo nimeandika barua fupi, na ninainakili hapa kwa sababu ya kiapo:

Kwa Ofisi ya Udahili ya Chuo. Salaam. Mimi ni Mwanvita, mwanafunzi mwaminifu wa Mazimbu tangu juzi. Chuo changu nakipenda sana. Naulizia jambo moja tu, kwa ajili ya kuongeza maarifa, na naomba nijibiwe leo hii hii kwa simu ya mama yangu, kwa kuwa mjomba wangu anaweza kurudi wakati wowote: je, mtu anayetaka kuhamia kwenu ni lazima kwanza aanze masomo huko aliko, au anaweza kuhama kabla hajafika?